Fowili ya Hilux si fowili ya RAV4

Mhariri,

Masika ikikaribia, ushauri uleule huanza kuzunguka redioni, kwenye simu na vijiweni: barabara ikilowa, weka fowili, yaani 4WD, magurudumu yote manne yavute. Ushauri huo unaharibu magari. Yapo magari ambayo ukiufuata utakata cheni ya transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, yapo ambayo hayana cha kuweka kwa kuwa yapo kwenye fowili tangu yatoke kiwandani, na yapo ambayo dereva atabonyeza swichi nayo itajizima yenyewe kabla hajafika mbali. Sisi ni mafundi, kazi yetu ni difu na giaboksi. Tunaomba nafasi tueleze tofauti hizo, kisha tuna ombi kwako kuhusu matangazo ya magari.

Tuanze na kona. Gari likikata kona, magurudumu yake manne hupita njia nne zenye urefu tofauti. La nje hutembea zaidi kuliko la ndani, na ya mbele hutembea zaidi kuliko ya nyuma kwa sababu ya nyuma hukatiza kwa ndani. Difu kazi yake ni kuyaruhusu la kushoto na la kulia yazunguke kwa kasi tofauti huku yote yakipata nguvu. Basi ekseli ya mbele na ya nyuma nazo zinadai uhuru huohuo kati yao. Swali la kuuliza kwa gari lolote la fowili ni hili: katikati, kati ya mbele na nyuma, mtengenezaji ameweka nini?

Kwa Hilux, Suzuki Jimny, Land Rover 109 za zamani na Land Cruiser 70, zile zinazoitwa mkonga, jibu ni kwamba hakuweka kitu. Ukiwa H2 unasukumwa na nyuma peke yake. Ukiweka H4, transfa inazifunga propela shafti, zile fimbo ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli za mbele na nyuma, zizunguke kama chuma kimoja. Kwenye tope au mchanga hakuna tatizo: ekseli zikidaiana, tairi moja linateleza kidogo na mvutano unaisha. Kwenye lami tairi haliteleziki kirahisi. Mvutano unabaki ndani ya mashine na kila kona unaongezeka. Usukani unakuwa mzito, gari linarukaruka kwenye kona kali, tairi zinalia, na ukitaka kurudi H2 gia inagoma kutoka. Kinachofuata ni cheni ya transfa kulegea hadi iruke meno, krosi za propela kupasuka, au meno ya difu ya mbele kung'oka. Kwa hiyo lami iliyolowa bado ni lami. Ukiwa unateremka mlima Kitonga kwenye mvua na Hilux, kaa H2, shusha gia na upunguze mwendo.

Kuweka H4 kwenyewe si kazi kubwa, ila kuna namna. Usukani uwe umenyooka, mguu utoke kwenye mafuta, mwendo uwe mdogo. Magari mengi ya siku hizi yanakubali yakiwa yanatembea, na kikomo cha mwendo kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Taa ya dashibodi ikiwakawaka, meno hayajakamata bado, kwa hiyo endelea mbele polepole hadi itulie. L4, yaani fowili ya mwendo mdogo na nguvu nyingi, ni habari nyingine: simamisha gari kabisa, kanyaga klachi au weka N kwa otomatiki, ndipo ubadilishe. Gia ikigoma kutoka kwa sababu ya ule mvutano tuliousema, usiilazimishe kwa goti. Rudi nyuma kwa kunyoosha mita 5 hadi 10, itaachia.

Na iwekwe kabla ya tope. Madereva wengi husubiri hadi tairi za nyuma zichimbe shimo na difu ikalie udongo, ndipo wanakumbuka fowili. Hapo gurudumu la mbele linaombwa kuvuta gari lililotia nanga.

L4 kwenye Hilux huzidisha nguvu ya gurudumu takriban mara 2.5 na kupunguza mwendo kwa kiasi hichohicho. Ni gia ya mawe, ya kupanda mwinamo mkali, ya kuvuta gari jingine, na zaidi ya yote ni gia ya kuteremka: namba moja ya L4, mguu nje ya klachi, injini yenyewe inashika gari na breki zinabaki baridi. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, kama ule wa Usangu, L4 namba moja mara nyingi ni kosa. Tairi linazunguka polepole mno, udongo unajaa kwenye kashata za tairi na tairi linabaki kipara hata kama ni jipya. Hapo H4 namba mbili, au L4 namba tatu, hulipa gurudumu kasi ya kuutupa udongo.

Wenye mkonga wana kitu cha ziada: habu za mbele, vile vitovu vya magurudumu, zenye maandishi FREE na LOCK. Kwa zile za kuzungusha kwa mkono, ukiweka H4 huku habu ziko FREE, propela ya mbele inazunguka bure na magurudumu ya mbele hayapati chochote. Ukifunga habu moja na kusahau ya pili, matokeo ni yaleyale, kwa sababu difu hupeleka mzunguko upande ulio huru. Tumeona gari likishushwa difu ya mbele nzima kwa tatizo la namna hii, na dawa ilikuwa kuzungusha habu moja kwa vidole. Kosa la upande wa pili ni kutoitumia fowili mwaka mzima: mafuta yanashuka chini, sili zinakauka, kutu inaingia kwenye uma wa transfa. Vitabu vya Toyota kwa magari ya aina hii vinataka gari liendeshwe kwenye fowili angalau kilomita 16 kila mwezi. Tafuta barabara ya vumbi, si lami.

Sasa kundi la pili: Prado 120 na 150, Land Cruiser 100 na 200, nyingi za 80, na Land Rover Defender za zamani. Hizi zina difu ya tatu, katikati. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, kwenye lami na kwenye tope, na hakuna anayeumia kwa sababu difu ya kati inamaliza madai ya kona. Mwenye Prado akisema ameweka fowili, alichofanya ni kufunga difu ya kati. Tangu hapo gari lake limekuwa sawa na Hilux iliyo H4, na makatazo ya lami yanamhusu yeye pia. Kwenye Prado 120 difu hiyo ni ya aina ya Torsen: kwa kawaida hupeleka asilimia 40 mbele na 60 nyuma, na ekseli moja ikianza kuteleza yenyewe huhamishia nguvu kwa nyingine. Ndiyo maana wengi hawahitaji hata kugusa ile swichi kwenye matope ya kawaida. Defender haina msaada huo. Difu yake ya kati iko wazi, gurudumu moja likiteleza nguvu yote inakimbilia huko, kwa hiyo kabla ya tope ni lazima usukume ile gia fupi kushoto hadi taa iwake.

Difu hiyohiyo ya Defender ina faida moja ambayo kila dereva wa porini aijue. Propela ya mbele au ya nyuma ikikatika, gari halitasogea, nguvu yote inapotelea kwenye upande uliokatika. Fungua mabaki ya shafti iliyovunjika, funga difu ya kati, na gari litakufikisha kwa ekseli moja iliyobaki. Ina hatari moja pia: breki ya mkono ya Defender inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, difu ya nyuma inaliruhusu lizunguke na gari linaondoka juu ya jeki ukiwa chini. Jiwe mbele na jiwe nyuma ya magurudumu yaliyobaki ardhini, kila mara.

Pajero zenye mfumo wa Super Select, ulioanza mwaka 1991, zinachanganya yote mawili: zina 2H, zina 4H inayopita difu ya kati na inayoruhusiwa kwenye lami, kisha zina 4HLc na 4LLc ambazo zimefungwa na haziruhusiwi. Hizo herufi mbili za mwisho ndizo za kuziangalia.

Kundi la tatu ndilo limejaa mijini: RAV4 za kuanzia 2006 hadi 2012, Vanguard, X-Trail T30 na T31, na vigari kama Probox na Fielder zilizoandikwa 4WD. Haya ni magari ya kuvutwa na mbele. Propela inakwenda nyuma, lakini kabla ya difu ya nyuma kuna kapulingi. Kwenye Probox ni chombo kilichojaa mafuta mazito ya silikoni na visahani vingi: magurudumu ya mbele yakizunguka zaidi kuliko ya nyuma, silikoni inagoma kukatwa na inaanza kuburuta upande wa pili. Kwenye RAV4 na X-Trail ni visahani vya klachi vinavyobanwa kwa sumaku ya umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua vibanwe kiasi gani. Swichi ya LOCK inaiambia kompyuta ibane muda wote. Kwenye RAV4 na Vanguard hiyo, ukivuka kilomita 40 kwa saa, LOCK inajitoa. Haikuharibika, imetengenezwa hivyo.

Mfumo huu ni mzuri kwa utelezi wa muda mfupi: kutoka kwenye uwanja wa nyasi, kupanda kilima cha udongo, kuvuka dimbwi. Ukiung'ang'aniza kwenye tope zito kwa dakika kadhaa, visahani vinasuguana, joto linapanda, taa ya fowili inawakawaka na kompyuta inaachia nyuma ili kuokoa kapulingi. Hapo simama, acha injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, subiri taa izime. Kuendelea kukanyaga kunachoma visahani. Tena kundi hili halina L4. Mteremko mrefu wa matope utaushuka kwa gia ya chini ya kawaida na breki.

Hapa pana mtego wa majina. RAV4 ya 2000 hadi 2005 na Harrier za zamani zina umbo la kundi la tatu lakini ndani ni la pili: difu ya kati ipo, na kapulingi ya silikoni inaisaidia. Harrier ya haibridi, MHU38, haina propela kabisa; magurudumu ya nyuma yana mota yao ya umeme. Nissan March iliyoandikwa e-4WD nayo hutumia mota ndogo nyuma ambayo huacha kazi ukivuka kilomita 30 kwa saa. Imetengenezwa kumsaidia Mjapani kuondoka kwenye theluji mbele ya nyumba yake, na kwa kazi hiyo inatosha.

Tofauti hizi ndizo zinazotufanya tukasirike tukisikia fundi anamshauri mteja ang'oe propela ya nyuma ili gari lile mafuta kidogo. Kwenye RAV4 ya 2006 au X-Trail, gari litatembea kwa mbele na pengine taa itawaka. Kwenye Harrier ya zamani mambo ni tofauti. Ukiondoa propela, upande wa nyuma wa difu ya kati unabaki huru na nguvu inakimbilia huko. Kinachofanya gari lisogee ni ile kapulingi ya silikoni peke yake, ambayo sasa inabeba mzigo wote wa gari kila dakika. Inachemka, silikoni inaharibika, na siku moja injini inanguruma gari limesimama. Mteja anaambiwa giaboksi imekufa, ananunua giaboksi. Mafuta aliyookoa ni kidogo sana, maana shafti na difu zinazozunguka bila mzigo hazili mafuta ya maana.

Kapulingi hiyohiyo inauawa na tairi, taratibu, bila mtu kujua. Chukua tairi la 225/65R17. Likiwa jipya linazunguka kama mara 440 kwa kilomita. Likiwa limelika milimita 5 linazunguka kama mara 446. Ukifunga mapya mawili mbele na kuacha yaliyolika nyuma, ekseli zinatofautiana mizunguko 6 kila kilomita, hata ukiwa umenyoosha usukani. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo kapulingi imesuguliwa karibu mizunguko 5,000 na hakuna kona hata moja iliyohesabiwa. Nunua manne kwa pamoja, saizi moja na aina moja, na uyabadilishane mbele na nyuma kila kilomita 10,000. Tairi la akiba likiwa dogo, liwe la kukufikisha kwenye duka la tairi tu. Subaru Forester za zamani za otomatiki zina soketi ya fyuzi iliyoandikwa FWD ndani ya boneti kwa ajili ya hali hiyo: ukiweka fyuzi pale, nyuma inaachiwa hadi urudishe tairi la kawaida.

Kuvutwa nako kuna madhara. Gari la kundi la pili au la tatu likinyanyuliwa mbele na kuburutwa kwa magurudumu ya nyuma, difu ya kati au kapulingi inazungushwa upande mmoja njia nzima. Dai gari la kubeba, magurudumu yote manne juu.

Tusisahau difu zenyewe. Hata ukiwa H4, kama difu ya mbele na ya nyuma ziko wazi, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia hewani unabaki unazungusha hayo mawili tu. Difu loki ya nyuma, ile inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ndiyo dawa, mwendo wa mtu anayetembea, usukani umenyooka, na uitoe mara utakapotoka. Kama huna, vuta breki ya mkono meno mawili matatu huku ukikanyaga mafuta kidogo: gurudumu la nyuma linalozunguka bure linapata mzigo, na difu inarudisha nguvu upande wenye mshiko. Ujanja huu haufai kwa Defender, kwa sababu ile ya breki tuliyoieleza. Kwenye mchanga mkavu, kabla ya difu loki anza na upepo: shusha upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 18, usizidi kilomita 40 kwa saa, na ujaze tena kabla ya lami, maana tairi laini kwenye lami linachemka ubavuni na kupasuka.

Maji ya mto yana namna yake ya kuua difu. Difu ikiwa ya moto ikazama kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa ghafla na kunyonya. Kama mpira wa tundu la kupumulia umekatika au ni mfupi, unanyonya maji. Kama umeziba, maji yanaingia kupitia sili. Refusha mpira huo hadi ndani ya boneti. Baada ya kuvuka maji yaliyofika kwenye ekseli, legeza nati na uangalie mafuta: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamwagwe siku hiyohiyo. Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwagia, kwani ya juu ikigoma baada ya kumwaga huna tena gari. Jaza gari likiwa sehemu tambarare hadi mafuta yaanze kuchuruzika kwenye tundu. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya nati ni kawaida, vipande si kawaida. Difu nyingi zinataka 80W-90 au 75W-90 ya GL-5, lakini transfa za magari mengine zinatumia hydraulic ya giaboksi ya otomatiki, kwa hiyo usimwachie mtu anayejaza namba 90 kila tundu analoliona.

Jambo ambalo madereva wa fowili hawapendi kuambiwa ni kwamba haisaidii kusimama. Inasaidia kuondoka. Breki zilikuwa kwenye magurudumu manne tangu mwanzo.

Sasa ombi letu, Mhariri. Matangazo ya magari kwenye gazeti lako yanaandika 4WD bila zaidi. Mtake muuzaji aandike herufi na namba za mwanzo za chesisi, hakuna gharama. Harrier ACU30 ni ya kuvutwa na mbele, ACU35 ni ya fowili. Za zamani ni SXU10 na SXU15. Kluger ni ACU20 na ACU25. RAV4 ya ACA31 ni fowili, ACA36 si fowili. Vanguard ni ACA33 dhidi ya ACA38. Noah ni AZR65 dhidi ya AZR60. Kwa X-Trail, ikianza na NT30 au NT31 ni fowili, ikianza na T peke yake si fowili, hata kama mtu amebandika chapa ya 4x4 mlangoni.

Na msomaji akishafika kwa muuzaji, ainame nyuma ya gari na tochi kabla ya kuwasha injini. Afuate propela kutoka katikati hadi difu ya nyuma. Akikuta mdomo wa difu uko mtupu, matundu manne ya bolti hayana kitu, aulize shafti iko wapi na ilitolewa lini, kisha bei ianze kuzungumzwa upya.

Mafundi magari,
Mbeya